Sauti Kwenye Mashine ya Simu

Mashine ya kujibu simu niliinunua kwenye soko la Jumapili la vitu vilivyotumika, mwezi uleule nilipompata mpangaji. Ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali, na ndani yake mlikuwa na kaseti mbili ndogo: moja ya kumsalimu anayepiga, nyingine ya kunasa atakachosema. Huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu London, katikati ya miaka ya tisini. Mume alikuwa keshanikimbia, binti yangu alikuwa na miaka minne, na kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani kwao, kuwaogesha, kuwalisha na kuwasikiliza wakiwalalamikia watoto wao. Kazi ile ilimtaka mtu anayepatikana. Ofisi ikikupigia usipokee, zamu inakwenda kwa mwingine.

Basi mashine nilikuwa nayo, ila salamu sikuwa nayo. Kila nilipobonyeza kitufe chekundu na kuanza kusema Kiingereza, ulimi uliniganda. Nilirudia, nikajisikiliza, nikaona haya mbele ya kiti na kabati. Mimi niliyekuwa Tanga nikibishana na wauza samaki mpaka wananyoosha mikono, nilishindwa kuiambia mashine kwamba sipo nyumbani.

Mpangaji ndiye aliyeniokoa. Alikuwa na siku tatu tu katika chumba cha juu cha ile nyumba yetu ya mtaa wa Neasden: Mpolandi wa makamo, mrefu, nywele zake zenye mvi kazifunga nyuma kwa mpira wa kufungia bahasha. Alikuwa anatoka kazini, akanisikia tangu mlangoni nikijikwaa kwa mara ya sita. Akaweka mfuko wake chini, akaiinamia mashine, akabonyeza, akasema kwa Kiingereza kibovu kuliko changu: “Hatupo nyumbani. Tafadhali sema, sisi tutasikia. Asante.” Hakurudia.

Sauti ile ilikuwa nene, ina kokoto ndani yake, na iliujaza ukumbi bila yeye kuipaza. Vinyweleo vilinisimama kwa maneno ambayo hayakuwa hata na maana ya kusisimua. Nikamuuliza, “Kaka, wewe unafanya kazi gani?”

“Maboksi,” akajibu. “Hayes. Ghalani.”

Neno kaka, pamoja na dada, nilimfundisha siku hiyohiyo, kwa sababu kwetu huwezi kukaa na mtu chini ya paa moja mkaitana bwana na bibi kama mpo mahakamani. Tangu siku hiyo mimi nikawa dada.

Kwa miaka minane sikumjua kabisa. Leo nasema hivyo kwa uchungu, lakini wakati ule nilidhani namjua. Nilijua anakunywa chai kwenye glasi, hatii maziwa, anatia limau. Nilijua anahifadhi kabichi iliyochachushwa ndani ya friji yangu, na ukilifungua lile kopo jirani anafunga dirisha. Nilijua analisugua bafu kila Jumamosi vizuri kuliko ninavyolisugua mimi. Nilijua pia kwamba anaandika. Alirudi kutoka ghalani na lebo za mizigo zilizoharibika, akaandika nyuma yake kwa penseli, herufi ndogondogo, kisha akazichana vipandevipande na kuvitupa. Mimi nilidhani ni barua kwa mwanamke asiyemjibu, nikawa namhurumia. Jambo moja tu hakulifanya kamwe, nalo ni kuimba. Siku za kuzaliwa za binti yangu, sisi tukiimba na kupiga makofi, yeye alichezesha midomo tu.

Jumapili moja mchana nilikuwa nakaanga samaki huku nimeweka kaseti ya shangazi yangu. Shangazi alikuwa mwimbaji wa taarabu katika kikundi kimoja pale Tanga, na kaseti ile ilirekodiwa harusini, watoto wanalia humo, sahani zinagongana. Mpangaji aliingia jikoni kufuata glasi yake, akasimama. Akauliza yule mama anasema nini.

Nikamweleza. Anamwimbia jirani aliyemchukulia bwana wake, lakini jina halitaji. Anaimba habari za kuku aliyezoea kudonoa kwenye ua wa watu. Ukumbi mzima unajua kuku ni nani, na kuku mwenyewe amekaa safu ya pili, kashika mkoba, hana pa kuangalia. Hawezi hata kulalamika, kwani katajwa nani?

Mpolandi yule alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya jiko langu. Kisha akanisimulia, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. Ujanani kwao, enzi za serikali yao ya zamani, alikuwa mshairi, na mashairi yake aliyaimba na bendi ya roki katika mji wa migodi ya makaa. Maneno ya kila wimbo yalipelekwa kwanza kwenye ofisi ya ukaguzi ya serikali. Karani aliyasoma, akayapiga mhuri, au akayakata kwa kalamu nyekundu. Yeye aliyakubali makato yote bila ubishi. Lakini jukwaani, kila alipofika kwenye neno lililokatwa, alinyamaza. Magitaa nayo yalinyamaza. Na hapo ukumbi mzima ulilipigia kelele neno lile. Polisi walipokuja kumuuliza kasema nini, yeye hakuwa amesema kitu, na karatasi yake ilikuwa na mhuri.

“Kuku,” akasema, akijifuta machozi kwa mkono wa shati. “Na sisi tuliimba kuku.”

Hapo, kwa mara ya kwanza, nilimwelewa. Nikamuuliza kwa nini basi aliacha. Akasema siku ilifika, serikali ile ikaanguka, maneno yote yakaruhusiwa. Akaimba nyimbo zake kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kunyamaza popote, na watu wakamwacha, wakaenda kununua televisheni. Sikujua nicheke au nimpe pole. Nikampa samaki.

Ila hakuniambia alikuwa mtu mkubwa kiasi gani. Mimi nilimchukulia kama vijana wa kwetu wenye gitaa moja na nyuzi mbili zimekatika. Hilo lilikuja kunitoka kichwani mwaka ule Wapolandi walipofunguliwa mlango wa Uingereza, wakaja wengi mpaka kila duka la mtaani kwetu likaweka rafu ya vyakula vyao.

Tulikuwa kituoni tunasubiri basi, mimi, yeye na binti yangu, ambaye alikuwa keshaanza sekondari. Mwanamume mmoja aliyekuwa kwenye foleni, suruali imejaa rangi za ukutani, alimkazia macho mpangaji wangu. Akavua kofia. Midomo ikamcheza. Mtu mzima, mabega mapana kama mlango, akaanza kulia mbele za watu. Kisha akaimba mstari mmoja kwa sauti ya chini, na katikati ya mstari akanyamaza. Akamtazama mpangaji wangu, akangoja.

Alikuwa amemwachia neno. Hata mimi nisiyejua Kipolandi nililiona.

Mpangaji wangu hakulisema. Alimshika yule mtu begani, akamwambia jambo fupi kwa lugha yao, kisha akapanda basi la kwanza lililosimama, ambalo halikuwa letu.

“Mum, he's famous,” binti yangu akasema. “Like, properly famous.”

“Ati maarufu! Usinifokee Kiingereza mimi,” nikamwambia.

Tangu siku hiyo mambo yakawa kinyume nyumbani kwangu. Fundi bomba Mpolandi aliyekuja kutengeneza choo alimkuta ngazini, akambusu mkono, akaondoka bila kutengeneza choo. Dada mmoja wa dukani alimpa maua badala ya kabichi. Nilikasirika, sifichi. Miaka minane mtu ananisugulia bafu na kuniacha nimwambie pembe hii hukufika, kumbe huko kwao ananyenyekewa! Nilipomkabili, aliniuliza kwa upole, je, ningejua mapema, bafu ningelisugua mwenyewe?

Mwaka uliofuata sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani mafua. Nikampa tangawizi na asali, nikamfukiza, nikamkataza chai ya limau, kisha nikamrudishia. Miezi miwili ikapita. Nilipoona anashika koo kila anapomeza, nikamvuta hospitali. Kwenye fomu, palipoulizwa ndugu wa karibu, aliandika jina langu, na mbele yake akaandika dada, kwa Kiswahili. Mwandikishaji alidhani ni jina la ukoo.

Daktari alitueleza waziwazi. Uvimbe umekaa kwenye kisanduku cha sauti. Wakikitoa chote atapona, atapumulia tundu la shingoni, na sauti yake haitarudi tena. Wasipokitoa, mwaka hataumaliza. Akampa wiki moja afikirie.

“Sihitaji wiki,” mpangaji wangu akasema. “Jibu ni hapana.”

Kwenye basi aliegemeza kichwa dirishani. Mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili. Nilikuwa nimeona watu wengi wakifa katika kazi yangu, wengine wakaniachia mkono wao mkononi, na nilijua kifo cha koo ni kifo cha namna gani. Nilimwambia. Akaangalia nje. Nilimpenda yule mtu kama ndugu yangu wa tumbo moja, na nilikuwa nataka kumpiga.

Tulipofika nyumbani nilimketisha mezani. Nikamuuliza, kwani mtunzi na mwimbaji ni mtu mmoja? Kwetu Tanga nyimbo zote za shangazi zilitungwa na karani wa bandari, mtu mwenye kigugumizi kikali, aliyeshindwa hata kuagiza chai hotelini bila wahudumu kumcheka. Aliandika kwenye daftari, akampa shangazi, shangazi akaimba, na yeye alikaa nyuma ya spika akiyasikia maneno yake yakipita bila kukwama. Hakuna aliyemwona nusu mtu. Wimbo ulikuwa wake, na sauti ilikuwa ya kuazima tu. Sasa yeye ana tatizo gani? Akatwe, apone, aandike, na huko nje Wapolandi wamejaa, hatakosa wa kumwimbia.

Niliona nimemaliza kazi. Kwetu jambo hili halina hata mjadala. Mtunzi ni mtunzi na mwimbaji ni mwimbaji, kama fundi cherehani na anayevaa nguo.

Akawa mwekundu mpaka masikioni. “Mimi si karani wa bandari,” akasema kwa ile sauti iliyobaki, akapanda juu, akabamiza mlango.

Siku tatu hakushuka isipokuwa kuchota maji. Binti yangu aliniambia nimeharibu, eti nimemwambia mtu sauti yake si kitu. “You basically told him his voice doesn't matter, Mum.” Mimi nikaona wamerukwa na akili wote wawili. Mtu anakubali kufa kwa ajili ya sauti, na bado mimi ndiye mwenye makosa?

Siku ya nne asubuhi alishuka, kanyoa ndevu, akakaa kwenye kiti chake.

“Yule mwenye kigugumizi,” akasema. “Akisikia maneno yake yanaimbwa, alikuwaje?”

“Alilia,” nikamjibu. “Kwa furaha.”

“Uliona wewe?”

“Kwa macho yangu haya.”

Akatikisa kichwa kukubali. Akanywa chai yake yote, kisha akapiga simu hospitali.

Sasa niseme ukweli wote. Wakati ule wa shangazi nilikuwa na miaka saba. Kweli nilimwona yule karani analia nyuma ya spika, leso usoni. Lakini kwamba ni furaha, aliniambia shangazi njiani tukirudi nyumbani, nilipomuuliza yule baba ana nini. Mwenyewe sikumuuliza, na hata ningemuuliza tungekaa pale mpaka kesho. Nilimpa mtu mzima ushahidi wa mtoto wa miaka saba, na yeye akautegemea katika kukata shauri kubwa kuliko yote maishani mwake. Je, nilidanganya? Nimejiuliza mara nyingi kwenye mabasi ya mji huu na sijapata jibu.

Wakamkata, akapona. Walimpa kifaa kidogo cha kubana shingoni kinachotoa sauti ya bati. Alikijaribu mara moja mbele yetu, binti yangu akajikaza asicheke, mimi nikajikaza nisilie, na yeye akakitia kwenye droo ya vijiko. Akanunua kijitabu na kalamu vya kuning'iniza shingoni, juu ya kitambaa cha kufunika tundu. Baada ya miezi kadhaa akarudi ghalani Hayes, wakamweka kwenye kubandika lebo. Na alikuwa anaandika. Hilo nililiona na likanipa nguvu: lebo hazichani tena, anazipanga kwenye kopo la biskuti.

Wapolandi wa London nao hawakulala. Walimwandalia alasiri moja katika ukumbi wa klabu yao, upande wa magharibi wa mji. Walimtafuta msichana aliyekuwa akifanya kazi mgahawani, mwenye sauti safi, akajifunza mashairi yake mapya, na vijana wenye magitaa wakayatilia muziki. Nilivaa gauni langu la harusi za watu. Tulikaa meza ya mbele, mimi, binti yangu na yeye, kafunga kitambaa kipya cheusi.

Kwanza walipiga rekodi yake ya zamani kwenye spika. Ile sauti ilitoka, kali, changa, inapasua, na watu wakasimama wote. Nilimgeukia nimwone anavyofurahi. Alikuwa akiandika kwenye kijitabu. Akanionyesha: “Huyo kijana simjui.”

Kisha msichana akaimba. Sikuelewa hata neno moja, lakini nililia, na ukumbi mzima ulilia, mafundi wa matofali na wale mabinti wanaolea watoto wa matajiri. Kwetu mwimbaji akikugusa namna ile hukai kitini. Unatoa noti, unanyanyuka, unacheza taratibu mpaka mbele, unamtuza. Basi nikatoa noti, nikanyanyuka. Nilipofika katikati ya sakafu ndipo akili ikanirudia kwamba hapa si Tanga, hakuna mwingine aliyenyanyuka, na watu wote wananitazama. Kibaya zaidi, nilikwama nisijue namtuza nani. Mwenye sauti yuko jukwaani, na mwenye maneno nimemwacha mezani. Nikageuka palepale huku nacheza, nikarudi mezani kwetu, nikamchomekea noti kwenye mfuko wa shati.

Alicheka. Kicheko chake siku hizo kilikuwa hewa tu, kinapuliza kile kitambaa cha shingoni. Watu wakapiga makofi, nadhani kwa kunihurumia. Nikakaa, nikamwinamia sikioni: “Si nilikwambia? Ni nzuri au si nzuri?”

Akaandika: “Nzuri sana. Anaimba kuliko mimi.” Akafikiri, akaongeza chini yake: “Si yangu.”

“Si yako vipi? Maneno si umeandika wewe?”

Akafunga kijitabu, akampigia msichana makofi.

Zile simu zilianza baada ya alasiri hiyo. Nilikuwa nikirudi kutoka zamu ya asubuhi, naona taa nyekundu ya mashine inawaka, nabonyeza, na hakuna mtu anayesema. Kuna pumzi tu, ina mluzi ndani yake, na kwa mbali mlio kama wa saa ya kengele: pi, pi, pi, halafu kimya. Kisha simu inakatwa. Ilikuwa mara mbili kwa wiki, wakati mwingine mara tatu, na kila mara mchana, nyumba ikiwa haina mtu.

Nilianza na kumshuku baba wa mtoto, kwamba kajuta. Halafu nikawashuku wezi wanaopiga kuhakikisha nyumba ni tupu, nikabadilisha kitasa. Binti yangu alisema ni kampuni za matangazo. Tulizungumza habari hiyo mezani mbele ya mpangaji, tena siku nyingi, na yeye alikuwa akila supu yake. Hata siku moja haikunipitia akilini. Nani atamshuku mtu asiye na sauti kwamba anapiga simu?

Jioni moja tulikuwa tunakula, simu ikalia, na mimi nikaiacha kwa sababu mikono yangu ilikuwa na ugali. Mashine ikapokea. Ile sauti nene, yenye kokoto, ikajaza chumba: “Hatupo nyumbani. Tafadhali sema, sisi tutasikia. Asante.” Nilikuwa nimeshaizoea kiasi kwamba nilikuwa siisikii tena. Lakini jioni ile nilimtazama. Kijiko kilikuwa kimesimama nusu ya njia, macho kayafumba. Alikaa hivyo mpaka mlio ulipokwisha, kisha akaendelea kula.

Nilijiona mnyama. Karibu mwaka mzima mtu hana sauti, na mimi nimemwekea sauti yake mwenyewe pale sebuleni imchome kila simu inapolia! Kesho yake, walipoondoka wote, nilikaa mbele ya mashine na karatasi niliyoandika. Nilirudia mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja ulimi haukuganda. Nilisema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba hatupo nyumbani kwa sasa na tafadhali acha jina na namba yako. Nikajisikiliza, nikajipongeza kwa sauti, mwanamke mzima peke yangu sebuleni.

Wiki ile ikaja simu moja ya kimya. Safari hii pumzi haikuwepo kabisa, bila shaka ilikatwa kabla salamu yangu haijamalizika. Baada ya hapo hazikuja tena. Nilimwambia kila mtu kwamba kumbe dawa ya wezi ni sauti ya mwanamke mkali. Mpangaji alitabasamu.

Wiki mbili zikapita. Siku moja alisahau mezani vile vitambaa vyake vya kubadilisha shingoni, na vumbi la ghalani si la kuchezea na tundu lile. Siku hiyo sikuwa na zamu, nikapanda basi mpaka Hayes. Mlinzi akanionyesha chumba cha mapumziko, pembeni ya mlango wa mizigo. Nilikuwa sijakifikia nilipousikia ule mlio wa kwenye mashine: pi, pi, pi, halafu kimya. Gari la kunyanyulia mizigo lilikuwa linarudi nyuma. Likasimama, likaanza tena. Pi, pi, pi.

Nikausukuma mlango. Ndani ya chumba kile kulikuwa na meza moja, birika, na simu ya sarafu ukutani. Mpangaji wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya simu, glasi ya chai mkononi, hafanyi lolote. Aliniona, akaniona ninavyoiangalia ile simu. Nikampa vitambaa vyake. Nikasema nina haraka, na sikuwa na haraka yoyote.

Nilipofika nyumbani niliifungua mashine. Nilitoa ile kaseti ndogo ya salamu, nikaipindua, nikaiweka upande wa pili, nikairudisha nyuma mpaka mwanzo na mbele mpaka mwisho. Mlikuwa na mimi tu, na baada yangu mvumo mtupu. Rekodi zake zipo, najua, watu wanazo, wanalia nazo. Lakini mwenyewe alisema yule kijana wa kwenye rekodi hamjui. Sauti aliyokuwa akiipigia simu aisikie ilikuwa ya huyu wa maboksi na chai ya limau, na mimi nilimfuta kwa huruma, baada ya kumshauri akatwe kwa huruma. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimwelekeze nani.

Alirudi saa kumi na mbili. Nilikuwa nimekaa mezani, mashine iko mbele yangu, kaseti nje. Sikumsalimia.

“Kaka, nimeifuta,” nikasema. “Nilidhani inakuumiza. Wallahi sikujua.”

Alivua koti, akalitundika. Akakaa. Akaokota ile kaseti, akaigeuza mkononi, akairudisha mahali pake ndani ya mashine na kufunga kifuniko, polepole, mpaka kikalia. Akavuta kijitabu, akaandika, akaandika sana, ukurasa mzima. Nikashika meza. Kisha akauchana ule ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni, akaandika upya mstari mmoja na kunigeuzia.

“Kiingereza chako, dada, kimekuwa kizuri sana.”